Kuwaza, Kudhani na Kubuni: Vitenzi Vitatu katika Historia ya Masisi na Walikale

Kitenzi cha Kiingereza imagine kimetokana na neno la Kilatini imago, yaani sura au mfano. Mfasiri anayekitafutia kisawe cha Kiswahili hukuta vitenzi kadhaa, wala hapana kimoja kinachokitosheleza. Kuwaza ni kupitisha jambo moyoni bila ya kulitolea hukumu. Kudhani, kitenzi chenye asili ya Kiarabu, ni kulishika jambo kuwa kweli pasipo yakini. Kubuni ni kuunda kwa akili kisichokuwapo, na aghalabu huelekea kwenye uzushi. Kinachofumbwa na Kiingereza katika neno moja, Kiswahili hukipambanua.

Tofauti hizi si za kamusi tu. Mwaka 1983 Benedict Anderson alieleza kuwa taifa ni jumuiya iliyomo katika fikra za watu: raia hawajuani wote, ilhali kila mmoja anayo sura ya umoja wao moyoni. Alisisitiza kwamba kuwamo katika fikra si sawa na kuwa uongo. Mfasiri akiiita jumuiya hiyo ya kubuniwa, huigeuza hoja. Akiiita ya kudhaniwa, huitia shaka. Kuwazwa ndiko kunakoikaribia zaidi. Historia ya Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, yaonyesha gharama ya kuvichanganya vitenzi hivyo.

Kuanzia mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji uliwahamishia watu kutoka Rwanda katika milima ya Masisi, nchi ya Wahunde, ili kupunguza msongamano walikotoka na kuyapatia mashamba ya walowezi vibarua. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 1955. Huko Gishari wahamiaji walipewa utawala wao wa jadi, nao ukafutwa mwaka 1957. Uhuru ulipofika mwaka 1960, swali la nani mwenyeji na nani mgeni lilikuwa limekwisha kuota mizizi.

Sheria zilijaribu kulijibu kwa tarehe. Ile ya tarehe 5 Januari 1972 iliwatambua kuwa raia watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Ile ya tarehe 29 Juni 1981 iliutangua utambuzi huo, ikadai nasaba ya kabila lililokuwamo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Mkulima wa Masisi hakuwa na hati ya mwaka 1885. Wala jirani yake Mhunde au Mnyanga hakuwa nayo. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliwazwa kuwa mwenyeji na mwingine akadhaniwa kuwa mgeni.

Hapa sarufi ina la kufundisha. Kudhani huelekea jambo, lakini kikitiwa kiambishi cha kutendea huwa kudhania, na mara nyingi humwelekea mtu: alimdhania mwizi. Hapo mzigo wa ushahidi humhama mwenye dhana, ukamwangukia anayedhaniwa. Hata Kiingereza kilipata kulijua jambo hili: sheria ya uhaini ya mwaka 1351 ilikihesabu kitendo cha kuwazia kifo cha mfalme kuwa kosa la kunyongewa.

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba hofu ya Wahunde na Wanyanga ilikuwa ya kubuni. Katika Masisi Wahunde walikuwa wamezidiwa kwa idadi, na ardhi nyingi ilikuwa imeingia mikononi mwa wenye mashamba makubwa ya ng'ombe. Shida ilikuwa ya kweli. Dhana ilikuwa juu ya aliyeisababisha. Tarehe 20 Machi 1993 wanamgambo waliwashambulia Wanyarwanda katika soko la Ntoto, Walikale. Mauaji yakaenea hadi Masisi, pande zote zikauana. Maelfu walikufa, na makadirio ya wakati ule yaliwahesabu waliokimbia makwao kuwa 250,000. Wengi kati ya waliouawa hawakuwa na ng'ombe wala hati ya shamba.

Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 iliisogeza tarehe ya kipimo hadi uhuru wa mwaka 1960. Iliupunguza mzigo wa ushahidi, lakini haikuiondoa dhana mioyoni, na vita havikukoma.

Walikale yenyewe inayo hazina nyingine ya kuwaza. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alinakili kutoka kwa Candi Rureke, manju wa Kinyanga, utendi wa Mwindo, ambao yeye na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Mwindo ni mtoto aliyekataliwa na baba yake mtawala, akatiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Mwishowe anarudi na kupatana na baba yake. Manju hakumdhania mtu lolote. Aliwaza jinsi aliyekataliwa anavyoweza kurudi nyumbani, na wasikilizaji wake wakawaza pamoja naye. Mfasiri na mtunga sheria hawana budi kuuzingatia mpaka huo. Anayewaza huliacha swali wazi mpaka ushahidi ufike. Anayedhania hulifunga, akamwachia mwenzake kazi ya kulifungua.