Mennea: Mtimkaji wa Italia aliyetamba mita 200

Kwa karibu miaka 17, rekodi ya dunia ya mbio za mita 200 kwa wanaume haikuwa mikononi mwa Mmarekani wala Mjamaika, bali ya Mwitaliano mwembamba, Pietro Mennea.

Mwana huyo wa fundi cherehani alizaliwa Juni 28, 1952 mjini Barletta, kusini mwa Italia. Alinolewa na kocha Carlo Vittori, na akiwa na umri wa miaka 20 alitwaa nishani ya shaba katika Olimpiki za Munich 1972. Montreal 1976 aliambulia nafasi ya nne.

Rekodi ilipatikana Septemba 12, 1979 jijini Mexico City, katika michezo ya vyuo vikuu vya dunia. Mennea alitumia sekunde 19.72 na kufuta muda wa 19.83 ambao Tommie Smith aliuweka papo hapo mnamo 1968. Minong'ono ilianza mara moja. Jiji hilo liko takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya nyanda za juu humfaa mtimkaji wa masafa mafupi jinsi inavyomtesa mkimbiaji wa mita 10,000.

Jibu lake lilitoka Moscow mwaka wa 1980. Akiwa katika mkondo wa nane, alitoka kwenye kona akiwa nyuma kabisa ya Mskoti Allan Wells, bingwa mpya wa mita 100. Alimfukuza hatua kwa hatua na kumpiku utepeni: 20.19 dhidi ya 20.21. Kweli, Wamarekani hawakuwapo. Walisusia michezo hiyo, kama ilivyofanya Kenya. Lakini Agosti mwaka huo huo, kwao Barletta, mji wa pwani usio na mwinuko wa kumbeba yeyote, alikimbia kwa sekunde 19.96. Wachache walinong'ona tena.

Alishiriki Olimpiki tano, ya mwisho ikiwa Seoul 1988 alikobeba bendera ya Italia. Michael Johnson ndiye aliyeifuta rekodi yake, Juni 1996 mjini Atlanta, kwa sekunde 19.66.

Mennea alisomea sheria, akawa wakili, na kati ya 1999 na 2004 alikuwa mbunge wa Bunge la Ulaya. Alifariki jijini Roma Machi 21, 2013, akiwa na umri wa miaka 60.