Safu ya Lugha: Ujanibishaji

Wapenzi wa michezo ya video ya Japani hupenda kusema mchezo fulani "umetafsiriwa vizuri". Wengine huokota "lokalaizesheni", kana kwamba Kiswahili kimekosa neno. Neno lipo: ujanibishaji. Limetokana na janibu, yaani upande, lenye asili ya Kiarabu. Kutafsiri, au kutarjumi, ni kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine. Kujanibisha ni zaidi ya hapo: ni kukifanya kitu kiwe cha mahali kinapopelekwa, pamoja na majina, vyakula na mizaha yake.

Chukua Gyakuten Saiban, mchezo wa mawakili uliotolewa na Capcom mwaka 2001. Shujaa wake anaitwa Naruhodo, na kwa Kijapani naruhodo ni kauli ya mtu aliyeelewa jambo: "Ahaa, kumbe!" Jina lingeachwa lilivyo, mzaha huo ungemfia mchezaji asiyejua Kijapani. Toleo la Kiingereza la 2005 likamwita Phoenix Wright, Wright likitamkwa kama neno la Kiingereza la "sahihi". Kesi zikahamia Los Angeles, na rameni anayoipenda msaidizi wake ikawa baga. Huo ndio ujanibishaji, na ni kazi ya msimulizi hasa, maana hadithi husukwa upya. Una gharama pia: michezo iliyofuata ilipozama katika vijiji vya kijadi na waita mizimu, Los Angeles hiyo ilikuwa vigumu kuiamini. Basi tusiuite tafsiri. Mtafsiri hahamishi mji.