Tarehe Iliyoandikwa Mchangani

Kuna dai linalorudiwa kila panapouzwa Ford ya kale: bloku imeandikwa C8OE, basi injini ni ya 1968. Muuzaji hulitamka kama anayesoma cheti cha kuzaliwa, na mnunuzi hufungua pochi. Dai hilo ni kweli nusu, na nusu ya ukweli ndiyo inayouzika haraka.

C ni muongo wa 1960, kama B ilivyokuwa ya miaka ya 1950 na D ya miaka ya 1970. Nane ni mwaka ndani ya muongo, O ni ukoo wa Fairlane, E ni injini. Ikifuatiwa na 6015, ujue unashika bloku. Lakini yote hayo ni habari za ofisi ya wachoraji: mchoro huu ulitayarishwa kwa ajili ya magari ya 1968. Chuma kilimiminwa lini, hapo hapasemi. Silinda hedi za injini ya Ford ya inchi za ujazo 460 zenye maandishi D3VE zilichorwa kwa ajili ya 1973, na kiwanda kiliendelea kuzisubu kwa zaidi ya miaka kumi. Anayeziita zote za 1973 amempa mjukuu umri wa babu yake.

Tarehe yenyewe ipo mahali pengine kwenye chuma kilekile, fupi na isiyojitangaza: 8J14. Soma mwaka, mwezi, siku, upate 14 Septemba 1968. J ni Septemba kwa sababu Ford waliiruka I, isije ikadhaniwa ni moja. Chevrolet hawakuiruka. Kwao I ni Septemba na J ni Oktoba, tena huanza na mwezi na kumalizia na mwaka, hivyo siku ileile wao huiandika I 14 8. Anayechukua ufunguo wa nyumba moja akafungulia nyingine hukosea mwezi mzima bila kujua.

Na mwaka ni tarakimu moja tu. Bloku ya Chevrolet namba 3970010 ilianza kusubiwa 1969 ikaendelea hadi mwisho wa miaka ya 1970. Tarehe yake ikiishia na 9, chuma hakikwambii ni muongo upi. Hapo itabidi uliulize gari lenyewe.

Historia ya mwanzo naipita mbio, maana imeandikwa mno. Ford Model T, iliyoanza 1908, kwa miaka mingi ilitambuliwa kwa namba iliyogongwa kwenye injini. Magari yalikoma Mei 1927, ilhali injini za kubadilishia ziliendelea kutengenezwa hadi 1941. Kwa hiyo zipo injini za Model T zenye namba halali ambazo hazikuzaliwa na gari lolote. Somo hilo lingetutosha. Miaka ya 1930 na ya vita nawaachia wengine.

Mimi navutwa na mchanga. Bloku ya chuma haichongwi kutoka kwenye gogo la chuma, husubiwa. Kiolezo chenye umbo lake hukandamizwa mchangani, kikiondolewa huacha uwazi, na katika uwazi huo humiminwa chuma kilichoyeyuka. Juu ya kiolezo vilifungwa kwa skrubu vibao vidogo vya herufi na tarakimu, na siku ilipobadilika lazima mtu avibadilishe. Ndiyo maana tarehe ya kusubu imevimba. Unaweza kuisoma gizani kwa ncha ya kidole ukiwa umelala chini ya gari. Mtu huyo akisahau, bloku zote za Jumanne huzaliwa Jumatatu. Akikifunga kibao kichwa chini, namba hutoka kichwa chini. Wapo wanaoziita bloku hizo za kutiliwa shaka. Kwangu ndizo zenye mkono wa mtu.

Tarehe iliwekwa kwa sababu ya kikarakana kabisa. Bloku ikionekana ina ufa au vitundu, msimamizi alitaka kujua ni ya siku gani, akakague mchanga na chuma cha siku hiyo na kuzitenga ndugu zake. Hakuna aliyekuwa akimfikiria mtu wa mnada wa miaka hamsini baadaye.

Na nani aliyebadilisha vibao? Wakusanyaji wanaojua kila herufi aghalabu hunyamaza hapa. Karakana za kusubu za Michigan, ya Ford pale River Rouge na ya Chevrolet kule Saginaw, zilikuwa mahali pa joto, vumbi na moshi. Wamarekani Weusi waliohama kutoka majimbo ya Kusini walipangiwa huko kwa wingi, wakati kazi zilizo safi zaidi na zenye ufundi wa kulipwa vizuri ziliwafungia milango. Tarehe tunazozisugua leo kwa brashi ya waya ni sehemu ya saa zao za kazi. Sijui kumbukumbu nyingine ya kiwandani iliyo aminifu kiasi hicho na isiyoshukuriwa kiasi hicho.

Namba ya kugongwa ni jambo jingine. Bloku za Saginaw zilisafirishwa hadi Flint, zikawa injini kamili, kisha zikagongwa namba upande wa mbele, karibu na silinda hedi ya kulia. Mfano wake ni V1026HT. V ni kiwanda cha Flint, 1026 ni tarehe 26 Oktoba, na herufi za mwisho ni aina ya injini na gari lililokusudiwa. Mwaka haumo kabisa. Namba za kugongwa tunazijua hata huku kwetu, kwani ndizo zinazojazwa kwenye kadi ya gari. Hizi hazikuvimba, zimedidimizwa chumani, na kilichodidimizwa kwa chuma chaweza kusagwa na kudidimizwa upya.

Hapo ndipo pesa zilipopata upenyo. Tangu miaka ya 1970, hasa baada ya National Corvette Restorers Society, chama cha wapenzi wa Chevrolet Corvette, kuanzishwa mwaka 1974, ukaguzi wa tarehe umekuwa elimu kamili. Msingi wake naukubali: kusubu kwanza, kuunganisha injini pili, gari kukamilika kwenye kiwanda cha Corvette cha St. Louis mwisho, na kwa kawaida pengo lisizidi miezi sita. Chuma hakisubiwi baada ya gari kuuzwa. Lakini "namba zinazolingana" zilipoanza kupandisha bei, wajanja walisaga uso wa bloku na kugonga tarehe tamu zaidi. Wakaguzi nao wakaanza kutafuta kwa kioo cha kukuzia mistari myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani, mistari ambayo msasa huifuta. Wenye shauku ya uasilia wametuletea mchezo wa paka na panya, kisha wanalalamika kuna panya.

Kibaya zaidi ni wale wanaodai pengo liwe la wiki chache tu, kana kwamba kiwanda ni saa ya ukutani. Tarehe 15 Septemba 1970 chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kiliigomea General Motors, kampuni mama ya Chevrolet. Watu wapatao 400,000 waliacha kazi, na mgomo ukadumu siku 67. Bloku zilizosubiwa kabla ya hapo zingeweza kungoja miezi kadhaa kabla ya kupata gari. Mkaguzi asiyejua mgomo ataliona pengo hilo kuwa udanganyifu, na gari la kweli litashushwa daraja kwa kosa la kuwa na historia.

Kwa hiyo nikionyeshwa bloku yenye I 10 0 kwenye Corvette ya mwaka mpya uliofuata, siulizi kwanza thamani yake. Nasoma 10 Septemba 1970, na namfikiria mtu aliyefunga kibao kile asubuhi hiyo, jasho likimtoka. Siku tano baadaye huenda alikuwa nje ya geti na wenzake, na kiolezo kikabaki na tarehe ambayo hakuna wa kuibadilisha.