Biti na baiti: kubadili kasi ya laini ya mawasiliano kuwa kasi ya diski

Biti na baiti ni nomino za ngeli ya I-ZI: biti hii, biti hizi, baiti hii, baiti hizi. Biti ni tarakimu moja inayoweza kuwa 0 au 1 tu. Baiti ni kifungu cha biti nane. Maneno haya yanakaribiana sana kimatamshi, ilhali thamani zake zinapishana mara nane. Ndiyo maana kosa la herufi moja katika tafsiri huharibu hesabu nzima.

Asili ya vipimo viwili

Mafundi wa simu huhesabu biti kwa sababu laini hupitisha biti moja baada ya nyingine. Sauti ya mzungumzaji hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Hivyo chaneli moja ya simu huhitaji biti 64,000 kwa sekunde, yaani 64 kbps. Laini ya E1, ambayo ndiyo kiwango cha nchi nyingi nje ya Amerika Kaskazini na Japani, hukusanya chaneli 32 za namna hiyo na kufikia 2.048 Mbps. Laini ya T1 ya Marekani ina chaneli 24 na biti 8,000 za ulinganifu, jumla 1.544 Mbps.

Watengenezaji wa diski huhesabu baiti, kwa kuwa faili huhifadhiwa kwa baiti. Kiendeshi cha CD cha kasi ya kwanza (1x) husoma baiti 153,600 za data kwa sekunde. Kiwango cha awali cha SCSI kilifikia megabaiti 5 kwa sekunde.

Kanuni ya kubadili

1. Kutoka biti kwenda baiti, gawanya kwa 8. Kutoka baiti kwenda biti, zidisha kwa 8.
2. Katika mawasiliano, kilo ni 1,000 na mega ni 1,000,000 daima. Katika hifadhi ya zamani, kilobaiti mara nyingi ilimaanisha baiti 1,024. Ili kuondoa utata huo, mwaka 1998 yaliidhinishwa majina ya kimataifa kibibaiti (baiti 1,024) na mebibaiti (baiti 1,048,576).
3. Andika kwanza idadi kamili ya biti au baiti, kisha ndipo ufupishe kwa kilo au mega.

Kwa kanuni hii, E1 ni biti 2,048,000 ÷ 8 = baiti 256,000 kwa sekunde. Hizo ni kilobaiti 256 kwa hesabu ya elfu, au kibibaiti 250 kamili kwa hesabu ya 1,024. Kiendeshi cha CD cha 1x hutoa kibibaiti 150. Kwa hiyo E1 nzima haifikii kasi ya kiendeshi cha 2x. SCSI ya awali, kwa upande wake, ni megabiti 40 kwa sekunde, sawa na laini za E1 zipatazo 19.5.

Mfano

Tuseme ofisi iliyoko Kawetele, wilayani Rungwe, inapokea kutoka Dar es Salaam data yote ya CD ya dakika 74 kwa laini ya E1. CD hiyo ikijaa ina baiti 681,984,000. Gawanya kwa 256,000: jibu ni sekunde 2,664, yaani dakika 44 na sekunde 24. Mfasiri akiandika «megabaiti 2.048 kwa sekunde» mahali pa «megabiti», msomaji atapata sekunde 333, yaani dakika 5 na sekunde 33. Aliyepanga kazi yake kwa tafsiri hiyo atadhani laini imeharibika, kumbe kilichoharibika ni neno.

Hata dakika 44 ni makadirio ya juu ya uwezo wa laini. Chaneli moja ya E1 hutumika kwa ulinganifu, na itifaki za mtandao nazo huchukua sehemu yake. Muda halisi huwa mrefu zaidi.

Tahadhari

Kugawanya kwa 8 hakufai kila mahali. Katika mawasiliano ya modemu yenye biti moja ya kuanza na moja ya kumaliza, kila baiti husafiri kwa biti 10. Hivyo 9,600 bps ni baiti 960 kwa sekunde. Vivyo hivyo, SATA ya kwanza yenye gigabiti 1.5 kwa sekunde hutoa megabaiti 150, kwa sababu kila biti 8 za data husimbwa kuwa 10.

Disketi ya «1.44 MB» nayo huchanganya hesabu mbili: ina baiti 1,440 × 1,024 = 1,474,560. Kwa chaneli moja ya 64 kbps, data yake husafiri kwa takriban dakika 3 na sekunde 4.

Matumizi

Alama b ni biti na B ni baiti. K ndogo ni kilo na M kubwa ni mega. Alama hizi ni za kimataifa na hazibadilishwi katika Kiswahili.

Katika mazungumzo watu husema «laini ya mega mbili». Katika maandishi rasmi kifupisho hicho kiepukwe, kwani hakisemi ni mega ya nini. Utata huu ungali hai: kasi ya intaneti hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali bando huuzwa kwa megabaiti au gigabaiti. Kwa hiyo:

Sahihi: Laini hii ina kasi ya megabiti 2 kwa sekunde.
Sahihi: Amenunua bando la megabaiti 500.
Si sahihi: Laini hii ina kasi ya megabaiti 2. (Muda haukutajwa, kilichotajwa ni ujazo.)

Matini ya asili ikiwa na «mb» kwa herufi ndogo, mfasiri asikisie. Alinganishe tarakimu na aina ya kifaa: 2.048 na 1.544 ni namba za laini, hivyo ni megabiti. 150 kando ya neno CD ni kilobaiti.