Kompyuta ikivimbisha maandishi, usikimbilie kununua skrini

Wiki jana niliitwa madrasa ya mtaani petu. Kompyuta yao, baada ya kuwekewa Windows upya, ilikuwa ikionyesha maandishi yaliyovimba na picha zilizovutika. Mzazi akijaza fomu ya eCitizen, kitufe cha kutuma hakionekani, kimeangukia nje ya skrini. Fundi aliwaambia skrini imekufa, na walimu walishaanza kuchangisha pesa za nyingine. Nikawaomba nusu saa.

Nilianza kwa kuichomeka skrini ile kwenye kompyuta ya ofisini. Ikaonyesha vizuri. Basi ugonjwa haukuwa wake. Nawe ukipatwa na hali hii, fuata hatua hizi.

Kwanza, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, chagua "Display settings", halafu tafuta "Display resolution". Chagua kipimo chenye neno "Recommended". Yetu ilikwama kwenye 800 kwa 600, na vipimo vikubwa havikuwemo kabisa kwenye orodha.

Pili, kagua waya. Skrini hujitambulisha kwa kompyuta kupitia waya huo. Isipotambulikana, kompyuta huchagua kipimo kidogo. Zima, uchomoe, utazame pini. Waya wa VGA una nafasi za pini 15 kwa safu 3. Pini ya 9 mara nyingi haimo tangu kiwandani, hilo lisikutishe. Iliyopinda ndiyo mbaya. Jaribu waya mwingine.

Tatu, draiva. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, ufungue "Device Manager", kisha "Display adapters". Ukiona "Microsoft Basic Display Adapter", jua draiva ya kadi ya picha haijawekwa. Maradhi yetu yalikuwa hapo. Unganisha intaneti, uendeshe Windows Update. Isipopatikana, ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, utafute kwa modeli iliyoandikwa kwenye kasha. Tovuti zinazoahidi draiva za kila aina bure ziepuke, usije ukabeba virusi. Ukimaliza, zima na uwashe tena.

Alhamdulillahi, yetu iliwaka ikiwa 1920 kwa 1080, na kitufe cha kutuma kikaonekana. Gharama yote ilikuwa bando la intaneti.

Pesa za mchango ni amana. Kabla hamjazitoa, muulizeni fundi swali moja: draiva umeiangalia?