Mbuga, Kiwanja na Duara

Mkulima wa Kisukuma hangoji mpimaji amwonyeshe maji yatatuama wapi. Juu kilimani pana luseni, mchanga unaokunywa mvua upesi. Chini yake pana itogolo, ardhi ngumu ambayo maji huipita juu kwa juu. Bondeni ndiko kwenye mbuga, udongo mweusi unaofura wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, aliupa mpangilio wa namna hiyo jina la kisayansi, katena. Wakulima walikuwa tayari wakichagua mashamba kwa kuufuata, na maarifa ya jinsi hiyo ndiyo yaliyosaidia kuzirudisha ngitili za Shinyanga, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa ili yaote upya, baada ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kuanza mwaka 1986.

Ili kujua maji yanakofika, Dar es Salaam ilishika njia nyingine. Ramani Huria, mradi wa ramani za kijamii ulioanza mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi mitaani, simu mkononi, kuchora nyumba, mifereji na kimo ambacho mafuriko yalifikia.

Kazi hiyo naiheshimu sana, ila inategemea maji yawe yameshaingia nyumbani kwa mtu. Elimu ya Wasukuma hutambua bonde la hatari hata kabla halijajengwa, na Kahama na Geita, miji ya dhahabu ambako viwanja vinakatwa kila uchao, inaihitaji elimu hiyo kwanza. Upungufu wake ni kwamba imo vichwani mwa wenyeji, ilhali mnunuzi wa kiwanja mara nyingi ni mgeni aliyefuata dhahabu. Akiiona mbuga mwezi wa Agosti, kavu na tambarare, anajenga.

Kuna hatari nyingine ambayo wazee wa mashamba na vijana wa ramani hawakuizoea: maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Geita imechimbwa tangu miaka ya 1930, na mashimo yaliyoachwa ni mengi. Januari 2024, katika kipindi cha mvua, machimbo ya Ng'alita wilayani Bariadi yaliporomoka, wakafa watu zaidi ya 20. 

Wachimbaji wakongwe wanajua duara lipi lilifukiwa na lipi liliachwa wazi, na maarifa yao, pamoja na ya wakulima, yafaa yaingizwe kwenye ramani ambayo mnunuzi wa kiwanja ataiona. Lakini asiye na leseni hatamwonyesha duara lake mtu anayeweza kumtoza faini, kwa hiyo mwenye kuuliza awe mwenyekiti wa mtaa au mchimbaji mwenzake, na jibu litumike kwa ramani hiyo tu.