Koti la Baba na Suti za Malcolm

Kwetu Baraka, baba alikuwa fundi cherehani. Tulipovuka Ziwa Tanganyika kuja upande wa Kigoma, cherehani ilibaki, ila koti lake la kijivu lilikuja. Alilishona mwenyewe, na mpaka leo bitana yake haijaachia.

Siku nilipoitwa kwenye mahojiano ya faili yetu nililitoa nilivae. Jirani akanishika mkono: "Mdogo wangu, ukienda na koti hilo watasema huna shida. Vaa lile shati lililochanika." Nikamsikia. Baba aliniona natoka na shati lile, akanyamaza tu.

Habari hiyo ilinirudia mwaka uliofuata, mimi na baba tulipokaa kwenye kibanda umiza kutazama *Malcolm X*, filamu ya Spike Lee ya mwaka 1992. Ilitoka kwenye kitabu ambacho Malcolm alimsimulia Alex Haley, kikachapwa 1965, miezi michache baada ya Malcolm kuuawa. Kitabu nilikuja kukisoma baadaye kwa Kifaransa. Kinaanza mama yake akiwa na mimba, na wabaguzi waliopanda farasi wamezingira nyumba usiku. Filamu haianzi hapo. Inaanza na kijana anayetamba barabarani Boston akiwa ndani ya suti. Mambo ya mama na farasi yanakuja baadaye, kama kumbukumbu.

Kwa nini waanze na suti? Kwenye kitabu, anayesema ni mtu mzima aliyeshabadilika. Anasimulia ujana wake na papo hapo anauhukumu. Filamu nayo ina msimulizi hapa na pale, lakini kazi kubwa wameiachia nguo. Aliyezibuni ni Ruth E. Carter. Kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2019 akaipata kwa *Black Panther*, akiwa mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya mavazi.

Suti zile za mwanzo ziliitwa zuti. Koti linashuka karibu na magoti, mabega mapana, suruali inajaa upepo halafu inabana kwenye kifundo cha mguu. Baba alicheka kwa sauti: "Angalia mita zinavyoliwa pale!" Kumbe fundi aliona historia kabla yangu. Mwaka 1942 Marekani ilikuwa vitani, na serikali ilikuwa imebana matumizi ya sufu. Kijana maskini aliyevaa zuti alikuwa anasema: hamnipangii ukubwa wangu. Juni 1943, kule Los Angeles, wanajeshi waliwapiga vijana, wengi wao wenye asili ya Mexico, na kuwavua suti hizo hadharani. Malcolm mwenyewe anasema ya kwake ya kwanza aliichukua kwa mkopo. Yaani kijana anang'aa, na nguo anayong'aa nayo bado ni deni.

Halafu jela, 1946 mpaka 1952. Rangi zinaisha. Anavaa alichopewa, sawa na wenzake wote. Sisi tuliowahi kupanga foleni ya nguo za msaada hatuhitaji kuelezwa sana hapo.

Alipotoka, kitabu kinasema alinunua vitu vitatu: miwani, sanduku la safari na saa ya mkononi. Nilipofika hapo nilisimama kusoma. Ni vitu vya mtu aliyeamua kusoma, kusafiri na kutopoteza wakati. Kuanzia hapo filamu inamvika suti nyeusi na za kijivu, shati jeupe, tai nyembamba. Koti halipiti tena kiwiliwili. Ukimkumbuka yule wa Boston, unaona safari yote bila kuambiwa.

Aprili 1964 anakwenda Makka kuhiji. Suti inavuliwa, anavaa ihramu, vitambaa viwili vyeupe visivyoshonwa. Hapo hakuna cha fundi, hakuna cha tajiri. Kati ya watu wa rangi zote waliovaa sawa na yeye, aliacha imani kwamba kila mzungu ni adui.

Ningekuwa mimi ningefunga filamu hapo. Lakini ihramu ni nguo ya siku chache. Malcolm alivaa suti tena, akaendelea kusafiri. Oktoba 1964 alikuwa Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Tarehe 21 Februari 1965 aliuawa New York akiwa amesimama mbele ya watu, ndani ya suti. Kwa mbali ni suti ileile ya miaka iliyopita. Kilichoongezeka ni ndevu, na aliye ndani si yule wa zamani. Wewe unalijua hilo kwa sababu ulikuwepo alipovua na alipovaa.

Basi nikalielewa lile shati langu. Afisa aliyenihoji hakuwepo Baraka, hakuwepo ziwani. Aliona sehemu moja tu ya filamu, na mimi mwenyewe ndiye niliyejivika kwa ajili yake. Aliponiuliza kazi ya baba nikasema, "Fundi nguo." Akaniangalia kuanzia kola mpaka mkono uliochanika, akaandika. Sijui aliandika nini. Ninachojua ni kwamba nilimfanya baba aonekane muongo bila yeye kufungua mdomo.

Simlaumu jirani. Hofu yake ina sababu, na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mnaijua. Ninachowaomba ni kimoja: akija mtu na koti zuri, msikate shauri kwa koti. Muulizeni lilitoka wapi. Na akija na matambara, muulizeni vilevile.

Juzi nililitoa tena koti, nikamwambia baba kwamba nikiitwa safari nyingine nitalivaa. Akanigeuza, akanipima mabega kwa kiganja.

"Limekuzidi kidogo," akasema. "Katafute uzi wa kijivu."